Kufundisha Sayansi ya Kompyuta Vijijini: Tuanze na Nini?

Utangulizi

Neno "kompyuta" linapotajwa katika shule zetu za sekondari zilizo mbali na miji, mazungumzo huishia upesi kwenye mambo matatu: umeme, fedha na vifaa. Mkuu wa shule atasema kwamba nguzo za umeme zimeishia kijiji cha jirani. Bodi ya shule itasema kwamba fedha hazitoshi. Mwalimu naye atasema kwamba hata kompyuta zilizopo ni mbovu. Yote hayo ni kweli, na mwandishi wa makala haya hakusudii kuyapuuza. Hata hivyo, iko hoja moja ambayo husahauliwa, nayo ndiyo shabaha ya makala haya: sehemu kubwa ya sayansi ya kompyuta haimo ndani ya mashine. Imo katika namna ya kufikiri, na namna hiyo yaweza kuanza kufundishwa leo hii, chini ya mwembe, kwa chaki, karatasi na bao.

Nasema "kuanza" kwa makusudi. Mashine inahitajika, na huko mbele nitaeleza inahitajika kwa kazi gani hasa. Lakini shule inayosubiri mashine ndipo ianze kufundisha, mara nyingi hujikuta imepata mashine na bado haifundishi. Jambo hili sikulisoma kitabuni. Nililiona kwa macho yangu, na sehemu ya lawama ni yangu.

Chumba kilichofungwa

Miaka kadhaa iliyopita, muda mfupi baada ya kurejea nchini kutoka masomoni Ulaya, nilishirikiana na wenzangu kupeleka kompyuta kumi zilizokwisha kutumika katika shule moja ya sekondari ya kata. Siku ya makabidhiano palikuwa na ngoma, hotuba na chakula cha mchana. Tuliondoka jioni tukiamini kwamba tumefanya jambo jema.

Baada ya miaka miwili nilipita tena katika wilaya ile kwa shughuli nyingine, nikaomba kuziona. Nilizikuta zote kumi. Zilikuwa zimepangwa vizuri juu ya meza, zimefunikwa kwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono. Vumbi halikuwa limezigusa, wala wanafunzi hawakuwa wamezigusa. Ufunguo wa chumba alikaa nao mkuu wa shule mwenyewe.

"Daktari," aliniambia bila kuficha, "kikipotea au kikiharibika kitu kimoja humu ndani, wewe hutaulizwa. Nitaulizwa mimi."

Sikuwa na jibu, maana alikuwa na haki. Hatukuwa tumeacha karatasi yoyote inayosema nani atazitengeneza zikiharibika, wala fedha za kufanyia hivyo. Jenereta lilihitaji mafuta ambayo shule ilikuwa ikiyanunua kwa ajili ya mitihani tu. Zaidi ya hayo, hatukuwa tumeketi na mwalimu hata mmoja kumwuliza angependa kufundisha nini kwa mashine zile.

Nilipewa ruhusa ya kuingia katika darasa la Kidato cha Tatu. Katika madaftari ya wanafunzi kompyuta ilikuwamo: imechorwa kwa rula, sehemu zake zimeandikwa majina, na chini yake fasili imenakiliwa kwa wino wa bluu. Nilimwuliza kijana mmoja programu ni nini. Alisimama wima akaitoa fasili yote, neno kwa neno. Nikamwomba mfano mmoja. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza tena fasili ileile tangu mwanzo.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Tulikuwa tumepeleka mashine, somo hatukulipeleka.

Kosa hilo si geni katika nchi yetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo makubwa katika kazi ya hesabu za Serikali, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na marufuku hiyo ililegezwa polepole tu katika miaka iliyofuata. Watu wengi hukitaja kisa hiki kama kichekesho. Mimi hukiona kuwa onyo: mashine ikitangulia na ujuzi ukachelewa, lawama huangukia mashine.

Kompyuta ilipokuwa mtu

Je, sayansi ya kompyuta bila kompyuta yawezekana? Historia yajibu kwamba hivyo ndivyo ilivyoanza. Mwaka 1936, Mwingereza Alan Turing alichapisha makala ya hisabati iliyoeleza mashine inayosoma na kuandika alama katika utepe, hatua moja baada ya nyingine. Mashine hiyo haikuwako popote ila katika karatasi. Wakati huo, neno ambalo Waingereza hulitumia sasa kuitajia kompyuta lilikuwa na maana ya mtu: karani aliyeajiriwa kufanya hesabu kwa kufuata kanuni alizopewa. Turing alijiuliza karani huyo hufanya nini hasa, akaigawa kazi yake katika hatua ndogo kabisa zisizohitaji akili ya pekee. Kutokana na swali hilo ndiyo ikaja nadharia yote iliyofuata.

Baadaye Turing na mwenzake David Champernowne waliandika programu ya kucheza sataranji kabla haijapatikana kompyuta iliyoweza kuitekeleza. Mwaka 1952 Turing alicheza dhidi ya Alick Glennie kwa kuzifuata hatua za programu hiyo mwenyewe, kwa kalamu na karatasi. Kila hatua moja ya mchezo ilimchukua karibu nusu saa. Programu ilishindwa, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba si programu eti kwa sababu ilitekelezwa na mtu.

Utaratibu wa hatua dhahiri, usioacha shaka, na wenye mwisho, wanasayansi huuita algoriti. Neno hilo limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Kutunga algoriti, kuipima, kuilinganisha na nyingine na kuithibitisha kuwa ni sahihi: hiyo ndiyo kazi kuu ya sayansi ya kompyuta. Kujua kitufe gani kinawasha mashine ni jambo jingine, kama vile kujua kuchana mkaja wa kitabu si kusoma.

Mashimo 32

Katika shule ile sikuwa na cha kufundishia isipokuwa ubao na chaki. Lakini nje, karibu na nyumba za walimu, palikuwa na bao la kiswahili lenye safu nne za mashimo manane. Niliwaomba wanafunzi walilete chini ya mwembe. Tuliyapa mashimo namba kwa chaki, kuanzia 1 hadi 32. Mwanafunzi mmoja akachagua shimo moja kwa siri, akaandika namba yake katika kipande cha karatasi, akakikunja. Wengine walitakiwa kulijua shimo hilo kwa kuuliza maswali ambayo jibu lake ni "ndiyo" au "siyo" tu.

Mwanzoni waliuliza kwa kubahatisha: "Ni 7?" "Siyo." "Ni 30?" "Siyo." Kwa njia hiyo huenda wakahitaji maswali 31. Baada ya dakika chache kijana mmoja aliuliza: "Limo katika safu mbili za juu?" Darasa lote likanyamaza, maana kila mmoja aliona kwamba swali moja lilikuwa limefuta mashimo 16 kwa mpigo. Kutoka 32 hubaki 16, kisha 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1. Maswali matano yanatosha, shimo lolote lile lichaguliwe.

Kisha tuliuandika utaratibu huo ubaoni kwa lugha ambayo hata mtu asiyekuwapo angeweza kuufuata:

Hatua ya 1. Andika CHINI = 1 na JUU = 32.
Hatua ya 2. Kama CHINI na JUU ni sawa, tangaza namba hiyo, kisha simama.
Hatua ya 3. Jumlisha CHINI na JUU, gawanya kwa 2, acha nusu ikibaki. Jibu liite KATI.
Hatua ya 4. Uliza: "Je, namba yako ni kubwa kuliko KATI?"
Hatua ya 5. Kama jibu ni ndiyo, andika CHINI = KATI + 1. Kama ni siyo, andika JUU = KATI.
Hatua ya 6. Rudi hatua ya 2.

Hiyo ni programu kamili. Msomaji na aijaribu kwa shimo la 21. Atauliza juu ya 16, 24, 20, 22 na 21, naye atapata majibu haya: ndiyo, siyo, ndiyo, siyo, siyo. Thamani ya njia hii huonekana zaidi hesabu inapokua. Katika orodha ya majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, hatua 10 zatosha kulipata jina lolote. Katika orodha ya majina milioni moja, hatua 20 tu. Idadi ya majina imezidi mara elfu. Idadi ya hatua imezidi mara mbili tu.

Jambo la pili lilijitokeza lenyewe. Tuliandika 1 badala ya "ndiyo" na 0 badala ya "siyo". Majibu ya shimo la 21 yakawa 10100. Kwa thamani za nafasi 16, 8, 4, 2 na 1, tarakimu hizo ni 16 na 4, yaani 20. Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba imepungua moja. Nikawaambia wayape mashimo namba upya, kuanzia 0 hadi 31. Upungufu ukatoweka: kila shimo likawa na majibu matano ambayo ni namba yake yenyewe katika hesabu ya msingi wa mbili. Kwa hiyo waligundua mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, namba ndani ya kompyuta ni mfululizo wa majibu ya ndiyo na siyo. Pili, waandishi wa programu wana sababu njema ya kupenda kuhesabu kuanzia sifuri. Na kwa kuwa alfabeti ya Kiswahili, ukiacha Q na X, ina herufi 24, majibu matano yanatosha kuitaja kila herufi. Kabla ya kengele kulia, wengi wao walikuwa wamekwisha kuandika majina yao kwa sifuri na moja.

Uongo mmoja

Tulipokuwa tukikusanya kete, msichana mmoja aliyeketi nyuma, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo, aliinua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Na kama aliyeficha namba akisema uongo mara moja?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo nililikutana nalo kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari, ugenini, na halikuwa langu. Stanislaw Ulam, mwanahisabati mwenye asili ya Poland aliyefanya kazi Marekani, aliliuliza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1976, akitumia namba kuanzia 1 hadi milioni moja. Jibu kamili lilichapishwa na Andrzej Pelc mwaka 1987: panapokuwa na uongo mmoja, maswali 20 hayatoshi tena, yanahitajika 25.

Sikuwaambia hayo. Niliwarudishia swali. Kundi la kwanza lilipendekeza kila swali liulizwe mara tatu na jibu lililopatikana mara nyingi ndilo lichukuliwe: maswali 15. Msichana yule hakuridhika. Alisema swali liulizwe mara mbili. Majibu yakilingana ni ya kweli, kwa kuwa uongo ni mmoja tu na hauwezi kuyaharibu yote mawili. Yakitofautiana, liulizwe mara ya tatu, na tangu hapo uongo umekwisha kutumika, hivyo maswali yaliyobaki yaulizwe mara moja moja. Hesabu yake ilikuwa sahihi: maswali 11 hayawezi kuzidi.

Yawezekana kupunguza zaidi? Hapa msomaji wa Kidato cha Tatu aweza kushika kalamu. Ikiwa maswali ni manane, kila shimo lina visa 9: kisa kimoja cha kutosema uongo kabisa, na visa vinane vya kusema uongo katika mojawapo ya maswali. Mashimo 32 mara visa 9 ni 288. Lakini majibu manane ya ndiyo na siyo huweza kupangika kwa namna 256 tu. Basi visa viwili tofauti havina budi kuangukia mpangilio mmoja wa majibu, na hatutaweza kuvitenga. Kwa maswali tisa visa ni 320 na mipangilio ni 512; nafasi ipo, na kazi ya Pelc yathibitisha kwamba maswali tisa yanatosha.

Huu si mchezo wa kupotezea wakati. Simu inapopeleka ujumbe, kelele za mawimbi huweza kugeuza 0 kuwa 1. Mashine inayopokea imo katika hali ileile ya mwulizaji wetu: amepata majibu, na mojawapo huenda ni la uongo. Mwaka 1950 Richard Hamming wa Bell Laboratories, Marekani, alionyesha namna ya kuongeza tarakimu chache katika ujumbe ili kosa moja ligundulike na kusahihishwa lenyewe. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mama wa kijijini aliweza kupokea fedha kutoka mjini, naye hana budi kuamini kwamba tarakimu alizoziona ndizo zilizotumwa. Imani hiyo imejengwa juu ya swali la namna ile iliyoulizwa chini ya mwembe.

Kupanga karatasi 64

Siku ya pili niligusa jambo ambalo kila mwalimu hulijua: kupanga karatasi za mtihani kuanzia alama ya juu hadi ya chini. Darasa lenyewe lilikuwa na wanafunzi 64. Njia ya kawaida ni kupekua rundo zima na kutoa karatasi yenye alama kubwa kuliko zote, kisha kupekua zilizobaki, na kuendelea hivyo. Ukizihesabu kazi za kulinganisha karatasi mbili mbili, utapata 63, kisha 62, kisha 61, hadi 1. Jumla ni 2,016.

Njia ya pili ni hii. Karatasi zipangwe mbili mbili. Kisha kila jozi iunganishwe na jozi nyingine kwa kutazama karatasi za juu tu: iliyo kubwa hutangulia. Mafungu ya nne huunganishwa kuwa ya nane, ya nane kuwa ya 16, ya 16 kuwa ya 32, na mwishowe mafungu mawili ya 32 huwa rundo moja. Ulinganishaji katika hatua hizo sita hauzidi 32, 48, 56, 60, 62 na 63. Jumla ni 321. Mwalimu wa hisabati aliyekuwa ameketi pembeni alizijumlisha mara mbili, akasema kwa sauti kwamba amepoteza jioni nyingi za maisha yake. Mashine yenye kasi haikuhitajika ili kuokoa kazi hiyo. Ilihitajika njia bora. Na hata mashine yenye kasi, ikipewa njia mbaya na rundo kubwa, itachelewa.

Wengine walifanyaje

Tusidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kukabiliwa na upungufu wa vifaa. Mwaka 1981, katika mkutano uliofanyika Lausanne, Uswisi, mwanasayansi wa Kisovieti Andrei Ershov alitoa hotuba iliyotetea kwamba uandishi wa programu ni aina ya pili ya kujua kusoma na kuandika. Septemba 1985 somo la misingi ya kompyuta lilianza kufundishwa katika shule za sekondari za Umoja wa Kisovieti nzima, ingawa shule nyingi hazikuwa na kompyuta hata moja. Wanafunzi waliandika algoriti katika madaftari yao kwa lugha maalumu ya shule ambayo maneno yake yalikuwa ya Kirusi, wakazitekeleza kwa kalamu.

Katika miaka ya 1990, Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows walikusanya huko New Zealand michezo ya kufundishia sayansi ya kompyuta bila mashine, kwa kadi, kamba na chaki. Michezo hiyo sasa hutumika katika nchi nyingi, zikiwamo zile ambazo hazina upungufu wowote wa kompyuta. Nao mwaka 2018 picha za mwalimu mmoja wa Ghana zilienea duniani: alikuwa amechora ubaoni, kwa chaki za rangi, kiwambo kizima cha programu ya kuandikia, kwa sababu shule yake haikuwa na kompyuta na mtihani wa taifa ulikuwa na maswali juu yake. Watu walimsifu kwa juhudi, na alistahili. Lakini tuulize pia: kama mtihani ungekuwa ukipima kufikiri badala ya kukumbuka mahali vitufe vilipo, je, angelazimika kuchora picha ile?

Mfano wa Ershov watukumbusha suala la lugha. Sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, na fasili ile aliyoikariri kijana wa Kidato cha Tatu ilikuwa ya Kiingereza. Somo la bao lilikuwa la Kiswahili. Sisemi kwamba mwanafunzi asijifunze Kiingereza; atakihitaji. Nasema kwamba asilazimishwe kupanda vilima viwili kwa wakati mmoja. Algoriti ikishaeleweka kwa lugha ya nyumbani, kuiandika kwa maneno machache ya kigeni ni kazi ya juma moja. Hata Scratch, lugha ya programu iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, inapatikana kwa Kiswahili.

Mashine inahitajika kwa kazi gani

Sasa nitimize ahadi niliyoitoa mwanzoni. Katika hatua ya 5 ya programu yetu, tuseme mwanafunzi ameandika CHINI = KATI badala ya CHINI = KATI + 1. Yakibaki mashimo ya 1 na 2, KATI itakuwa 1. Jibu likiwa ndiyo, CHINI itabaki 1, na swali lilelile litaulizwa milele. Kwenye karatasi mwenzake atakayeitekeleza programu hiyo atalirekebisha kosa bila kusema, kwa kuwa anajua alichokusudia. Binadamu huoneana huruma. Mashine haina huruma hiyo: hutenda yale yaliyoandikwa, si yale yaliyokusudiwa. Mwanafunzi ambaye hajapata kuhukumiwa hivyo bado hajawa mwandishi wa programu, hata akiwa na akili nyingi kiasi gani.

Basi kazi ya mashine ni kuwa hakimu, na hakimu mmoja aweza kusikiliza kesi nyingi. Wanafunzi 64 wakigawanywa katika vikundi vya wanne, tunapata vikundi 16. Kila kikundi kikipewa dakika tano, muda wote ni dakika 80, yaani vipindi viwili vya dakika 40. Sharti ni kwamba kikundi kije na programu iliyoandikwa kwenye karatasi, imefuatwa hatua kwa hatua kwa mkono, na matokeo yanayotarajiwa yameandikwa pembeni. Dakika tano hizo hazitumiki kutafuta herufi kwenye kibodi. Hutumika kulinganisha utabiri na ukweli. Hiyo ndiyo sayansi.

Na mashine yenyewe si lazima iwe ya gharama kubwa. Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyotoka Uingereza mwaka 2012, ilianza kuuzwa kwa dola 35 za Marekani, ingawa huhitaji kiwambo na kibodi. Nguvu inayotumia ni ndogo kiasi cha kuendeshwa kwa umeme wa jua. Kifaa kiitwacho micro:bit, kilichogawiwa wanafunzi wa Uingereza mwaka 2016, hufanya kazi kwa betri mbili ndogo. Lakini narudia: kimoja kinachotumika ni bora kuliko kumi vilivyofunikwa vitambaa.

Hitimisho

Mitaala iliyoboreshwa Tanzania mwaka 2023 inalo somo la Sayansi ya Kompyuta, na Kenya iliidhinisha mwaka 2022 mtaala wa kufundisha uandishi wa programu shuleni. Hizo ni hatua njema. Hatari iliyopo ni kwamba shule za mijini zitalifundisha somo hilo, na za vijijini zitaendelea kulichora kwa rula.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mwalimu wa hisabati asiye na kompyuta aanze sasa na bao, karatasi na foleni ya wanafunzi. Pili, anayetoa msaada wa mashine asizikabidhi kabla ya kukubaliana na shule, kwa maandishi, nani atazitengeneza, kwa fedha zipi, na kwamba mkuu wa shule hatawajibishwa kwa kibodi iliyochakaa kwa kutumiwa. Tatu, watunga mitihani waulize "fuata hatua hizi useme matokeo" mara nyingi zaidi kuliko "taja sehemu za kompyuta".

Nilipoandika kwa mwalimu wa hisabati wa shule ile kuuliza habari za msichana wa swali la uongo, alinijibu kwamba amefaulu vizuri na amechaguliwa kusoma HKL katika Kidato cha Tano. Historia na lugha ni masomo ya heshima, na huenda atang'ara katika hayo. Lakini nilisoma barua ile zaidi ya mara moja. Shule yake haikuwa na mwalimu wa fizikia, na kompyuta zilikuwa chini ya vitambaa. Hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia kwamba swali lake lilikuwa swali la sayansi. Mimi niliyelijua hilo niliondoka siku ya pili jioni bila kumwambia.

Kwa hiyo, ndugu mwanafunzi unayesoma ukurasa huu: uongo mmoja tumeumaliza. Chukua bao, umpe mwenzako ruhusa ya kusema uongo mara mbili, kisha utafute ni maswali mangapi yatakutosha. Anza na mashimo manane. Andika hatua zako, mpe mtu asiyeujua mchezo azifuate, na ukipata jibu mwonyeshe mwalimu wako. Nawe mwalimu, ukionyeshwa, mwambie mwanafunzi huyo jina la kazi aliyoifanya.